Madini Joto

Siku ya kumi na moja bila siagi ya chumvi.
Hapa Plouguerneau huko ndiko kufunga hasa:
mtu anaweza kuacha kanisa akasamehewa,
lakini siagi!
Nimekanda mkate mwenyewe, nikaupaka mafuta.
Mkate bila chumvi,
mkate usio na neno la kusema.

Muuguzi alinipa karatasi, imejaa mbele na nyuma.
Chaza, hapana. Kaa, hapana. Maziwa, jibini, kiini cha yai.
"Na mwani," akasema, akacheka kidogo,
"lakini nani anakula mwani?"
Sikumjibu. Usiku nilisoma maandishi ya pakiti
kwa miwani ya mume wangu:
mwani umo kwenye krimu ya mtoto,
umo hata kwenye dawa ya meno,
umejibanza humo kwa jina la namba
kama mdaiwa aliyehama mtaa.

Babu Jaoua aliuchoma.
Aliuanika juu ya matuta ya mchanga,
akaulaza kwenye tanuri la mawe, refu kama kaburi la watu wawili,
na moshi wake, alisema, uliingia hadi kwenye maziwa ya ng'ombe.
Kilichobaki kikaganda, matofali ya kijivu;
mkokoteni ukayapeleka kiwandani,
huko wakayakamua mvuke wa zambarau,
kisha dawa ya kahawia ya kuwasha vidonda
vya watu wasiomjua.
Alikufa na kikohozi chake.
Hakujua kwamba shingo yangu
ingekuja kudai mgawo.

Tezi waliitoa mwezi wa pili. Kovu limelala
kama mshono wa fundi mwenye haraka.
Sasa na vidonge vimesimamishwa, wiki ya nne hii,
ili mabaki, kama yapo, yashikwe na njaa.
Ndivyo alivyoeleza daktari Quéméner kule Brest:
tunazinyima hizo chembe madini joto,
zikishatokwa na udenda
tunazilisha yenye mionzi.
Nikamuuliza, na mimi je,
ninayekaa nazo nyumba moja?
Akatazama kompyuta.

Madini joto! Joto gani?
Ni Juni na nimevaa soksi mbili.
Maneno yananijia kwa miguu, tena yanachechemea.
Jana nilisahau jina la kile kitu cha kufungulia mlango,
nikasimama nje nikilitafuta
mfukoni.

Azenor ana miaka minne. Tunafanya mazoezi.
Mimi mlango wa jikoni, yeye kwenye jokofu,
tunapungiana, tunahesabu vigae vilivyo kati yetu.
Sita.
"Na siku ngapi?"
Nikasema saba. Tudual akakohoa,
kwa sababu karatasi inasema kumi.
Atampeleka Quimper kwa shangazi yake,
kwenye nyumba yenye sungura, na hilo limesaidia
kuliko maelezo yangu yote.
"Mama, utawaka gizani?"
Nikasema hapana, mwanangu, hapana.
Kisha nikaingia bafuni, nikazima taa,
nikaitazama mikono yangu
mapema, kwa tahadhari.

Kesho wanapima tena damu. Watapima kama nina mimba,
nami nitatia sahihi kwamba nimeelewa.
Nimeelewa hivi: chumba chenye kuta nene,
kidonge kitakuja kwenye chungu cha risasi
kikisukumwa kwa kigari na mtu aliyevaa glavu,
mtu atakayekaa mbali nacho
hadi zamu yangu ya kukimeza.
Kwa maji, glasi nzima. Choo, uvute mara mbili.

Begi liko kitandani. Nguo za zamani,
kitabu nisichokipenda, kwa hiyo nitaweza kukiacha,
simu ndani ya mfuko wa nailoni,
na pipi za ndimu, pakiti tatu, za kuamsha mate
yasije yakakauka yenye mionzi ndani yake.
Pakiti moja imechanwa.
Nimekuta karatasi ya pipi chini ya mto wangu,
imekunjwa mara nne,
bado inanata.